Dini inakataza kuua: mhudumu wa Kibudha anafanya nini jeshini?

Kanuni ya kwanza kati ya tano anazofuata kila Mbudha ni fupi: usiondoe uhai. Haihusu binadamu peke yake. Inagusa hata mnyama na mdudu. Lakini leo kuna wahudumu wa kiroho wa Kibudha wanaovaa sare ya jeshi, wanaoishi kambini na kufuatana na askari hadi vitani. Wanafanya nini huko?

Kwetu mashariki mwa Kongo, swali hili si la mbali sana. Askari wetu nao wana «aumônier» wao, awe padri, mchungaji au shehe. Tena wakaaji wa Ituri wamewaona kwa miaka walinda amani kutoka Nepal, nchi alikozaliwa Budha. Wanepali wengi ni Wahindu, lakini kati yao wamo Wabudha. Mwaka 2006, saba kati ya walinda amani hao walitekwa na wanamgambo huko Ituri na kushikiliwa kwa wiki kadhaa. Mtu aliyepitia mambo kama hayo anahitaji wa kumsikiliza.

Walingoja muda mrefu

Korea ya Kusini ilitangulia. Huko kila kijana wa kiume anapaswa kutumikia jeshi. Wahudumu wa Kikristo waliingia jeshini mwaka 1951, wakati wa vita vya Korea, na watawa watano wa kwanza wa Kibudha wakafuata mwaka 1968.

Marekani ilichelewa zaidi. Katika Vita vya Pili vya Dunia, maelfu ya Wamarekani wenye asili ya Japani walipigana Italia na Ufaransa, na wengi wao walikuwa Wabudha. Kwenye kibati ambacho askari huvaa shingoni, kulikuwa na herufi ya Mprotestanti, ya Mkatoliki na ya Myahudi. Ya Mbudha haikuwepo. Jeshi la Marekani lilipata mhudumu wake wa kwanza wa Kibudha mwaka 2004 tu, kwa upande wa wanamaji: mwanamke, Jeanette Shin. Mwaka 2008 ikawa zamu ya jeshi la nchi kavu, na Thomas Dyer, aliyekuwa mchungaji wa Kibaptisti kabla ya kubadili dini. Baadaye alitumwa Iraki, akawa anaongoza vipindi vya kutafakari katika kambi ya Taji, kaskazini mwa Baghdad.

Uingereza iliteua wake mwaka 2005. Jeshi lake lina Wagurkha, askari wanaoandikishwa kutoka Nepal.

Bila bunduki

Katika jeshi la Marekani, mhudumu wa kiroho habebi silaha, wa dini yoyote ile. Anahudumia kila anayemwendea, hata asiye na dini. Siri anayoambiwa haipeleki kwa komanda. Hilo ni jambo kubwa, kwa sababu askari wengi huogopa kusema «sipati usingizi» wakidhani watadharauliwa au kupoteza cheo.

Mhudumu wa Kibudha anaongeza chombo kimoja: kutafakari. Askari anakaa kimya na kufuata pumzi yake inavyoingia na kutoka. Wazo likija, la hasira au la woga, analitambua bila kulifukuza wala kulifuata, kisha anarudi kwenye pumzi. Anayezoea anajifunza kuiona hasira yake kabla haijafika mkononi. Na kwa mtu mwenye bunduki, sekunde hiyo moja inaweza kuokoa raia.

Watafiti wamejaribu kupima jambo hilo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 ulifuata askari wa Marine waliokuwa wakijiandaa kwenda vitani, katika mafunzo ya wiki 8. Waliofanya mazoezi kwa bidii walilinda uwezo wao wa kushika mambo akilini. Waliofanya kidogo ulishuka. Mwaka 2015, utafiti mwingine wa Marekani juu ya wanajeshi wa zamani 116 wenye kiwewe cha vita ulionyesha kwamba waliofundishwa kutafakari walipata nafuu kuliko wenzao wa kundi lingine. Lakini nafuu hiyo ilikuwa ya kiasi, na wengi hawakupona kabisa.

Wabudha wenyewe hawakubaliani

Kuna Wabudha wanaopinga. Wanasema jeshi linachukua mbinu ya kutuliza akili na kuiacha ile kanuni ya kwanza, na mwishowe linapata askari anayelenga shabaha bila mkono kutetemeka. Woga wao una historia. Huko Japani, viongozi wa Zen waliunga mkono vita vya nchi yao hadi 1945. Dhehebu la Soto lilikuja kuomba radhi mwaka 1992.

Wanaotetea huduma hiyo wanajibu kwamba askari yuko tayari vitani, na kumwacha peke yake hakumrudishi nyumbani akiwa mzima.

Maisha ya Claude Anshin Thomas yanagusa pande zote mbili. Akiwa bado kijana alipiga bunduki ya helikopta huko Vietnam. Aliporudi Marekani alizama katika madawa ya kulevya, usingizi ukamkimbia, akafika hata kulala nje. Waliomsaidia kuinuka ni Thich Nhat Hanh, mtawa wa Vietnam, na wafuasi wake: watu wa nchi ileile aliyokuwa ameishambulia. Mwaka 1995 Thomas naye akawa mtawa, na tangu hapo ametembea kwa miguu katika nchi nyingi akizungumza na walionusurika vita. Hasemi kwamba amesahau. Anafundisha kwamba kupona si maumivu kuisha, ni kujifunza kuishi nayo bila kuyamwaga juu ya wengine.

Hapa kwetu, wangapi wameweka silaha chini na kurudi kijijini bila kukutana na mtu wa kuwauliza wanalalaje usiku?