Je, Wajua? Kangaroos, Kiwis na Bahari ya Tasman Katikati

Je, wajua kwamba raga ziko mbili? Ile ambayo Kenya na Uganda hugombea Kombe la Elgon ni raga ya muungano, wachezaji 15 kila upande. Leo tumwangalie nduguye, raga ya ligi, yenye wachezaji 13, na hasa ile mechi inayowakosesha usingizi watu wa pande mbili za Bahari ya Tasman: Australia, wanaoitwa Kangaroos, dhidi ya New Zealand, Kiwis.

Je, wajua kilichowatenganisha ndugu hao wawili? Ujira wa siku. Kaskazini mwa Uingereza wachezaji wengi walikuwa wachimba makaa na vibarua wa viwandani. Jumamosi ilikuwa siku ya kazi. Ukienda uwanjani, mshahara unakatwa. Wakuu wa raga walikataa katakata kuruhusu wafidiwe. Tarehe 29 Agosti 1895 vilabu vya kaskazini vilikutana katika Hoteli ya George mjini Huddersfield, vikajitoa na kuanzisha chama chao. Hivyo basi mchezo huu ulizaliwa na watu waliotaka tu kucheza mpira bila watoto wao kulala njaa, na kwangu mimi hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuupenda.

Wachezaji 13 walikuja baadaye, mwaka 1906, sambamba na kanuni nyingine kubwa: aliyekabwa na kuangushwa hasongwi na rundo la watu. Anaachwa ainuke, auweke mpira chini, auvingirishe nyuma kwa mguu, mchezo uendelee. Siku hizi timu ina nafasi ya kukabwa mara sita kabla ya kuusalimisha mpira. Trai, yaani kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, ni pointi 4, mkwaju wa nyongeza 2.

Je, wajua aliyeufikisha mchezo huu upande wa pili wa dunia alikuwa karani wa posta? Albert Baskerville wa Wellington, New Zealand, kijana wa miaka ishirini na ushei, alikusanya wachezaji mwaka 1907 waende Uingereza kucheza kwa malipo. Chama cha raga cha nchi yake kilimpiga marufuku. Magazeti ya Sydney yakawabeza kwa kuligeuza jina la All Blacks, timu ya taifa ya raga ya muungano ya New Zealand: wakaitwa All Golds, watu wa dhahabu, yaani wenye tamaa ya fedha. Hawakurudi nyuma. Walipita Sydney, wakacheza huko, na njiani wakamwongeza Mwaustralia mmoja kikosini, Dally Messenger, nyota mkubwa wa jiji hilo.

Waliporejea kutoka Uingereza walikuta raga ya ligi imeshaota mizizi Australia. Tarehe 9 Mei 1908 majirani hawa wakakutana Sydney kwa mara ya kwanza. New Zealand 11, Australia 10. Pointi moja tu! Messenger naye, aliyekuwa amevaa jezi ya New Zealand miezi michache tu nyuma, safari hii alikuwa upande wa Australia. Kwa hiyo tangu mechi ya kwanza kabisa, mpinzani alikuwa mtu mliyekula naye sahani moja.

Siku 11 baadaye Baskerville alifariki mjini Brisbane kwa homa ya mapafu, akiwa na miaka 25. Wenzake walimsindikiza nyumbani kwa meli. Kisha tarehe 13 Juni wakacheza mechi mjini Wellington ili kumchangia mama yake, aliyekuwa mjane, na hiyo ndiyo mechi ya kwanza ya raga ya ligi kuchezwa katika ardhi ya New Zealand. Mchezo mzima wa taifa ulianza kwa rambirambi. Kila nikiifikia habari hii huwa nasimama kidogo.

Je, wajua jezi ya kijani na dhahabu ya Australia haikuwepo mwanzoni? Walianza kuivaa mwaka 1928.

Na mwaka 1985? Huo ulikuwa moto. Katika mechi ya kwanza mjini Brisbane, Kevin Tamati wa New Zealand na Greg Dowling wa Australia walitolewa uwanjani kwa muda kwa kupigana, wakaanza upya ngumi pembeni ya uwanja wakielekea nje. Ya pili, Auckland, New Zealand waliongoza hadi dakika za mwisho kabisa, John Ribot akafunga trai iliyowavunja moyo: 10 kwa 6. Baada ya vipigo viwili, mfululizo wa mechi tatu ukawa umepotea. Lakini ya tatu, tarehe 7 Julai, Kiwis waliwachapa 18 kwa 0. Mfululizo ulikuwa umekwenda, heshima ilibaki nyumbani.

Je, wajua vilabu vyao viko ligi moja? Tangu 1995 timu ya Warriors kutoka Auckland hucheza ligi ya Australia, na wachezaji wengi wa Kiwis wanalipwa na vilabu vya Australia. Wiki hii unafanya mazoezi na mwenzako, wiki ijayo unasimama mbele yake anakuchezea haka, ngoma ya Wamaori.

Sasa sikiliza kisa cha Wayne Bennett, Mwaustralia, mmoja wa makocha wakubwa wa mchezo huu. Mwaka 2005 aliifundisha Australia katika fainali ya mashindano ya mataifa matatu mjini Leeds, ikalazwa na New Zealand 24 kwa 0. Australia haikuwa imepoteza mfululizo wala mashindano tangu 1978. Akajiuzulu. Miaka mitatu baadaye, kwenye Kombe la Dunia la 2008, alikuwa ameketi benchi la New Zealand, mshauri wa kocha kijana Stephen Kearney. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mechi yao ya kwanza katika mashindano hayo Australia ilishinda 30 kwa 6, na watu wakadhani mambo yamekwisha. Fainali ikafika tarehe 22 Novemba, Brisbane, mbele ya watu zaidi ya 50,000. Mapumziko: Australia 16, New Zealand 12. Kipindi cha pili Billy Slater, beki wa nyuma aliyekuwa hashikiki mwaka huo, alibanwa karibu na mstari wa pembeni. Badala ya kutoka nje na mpira, aliurusha ndani bila kutazama. Benji Marshall akaukuta, akatulia nao chini: trai. Matokeo yakawa 34 kwa 20, na Kombe la Dunia likavuka Tasman kwa mara ya kwanza.

Na kipigo kikubwa kuliko vyote ambavyo Australia imewahi kupata? Tarehe 4 Novemba 2023, Hamilton, New Zealand: 30 kwa 0. Wiki moja kabla, Australia hiyohiyo ilikuwa imewafunga 36 kwa 18 mjini Melbourne. Kocha wa Kiwis siku hiyo alikuwa Michael Maguire. Mwaustralia.