Wachezaji waliopuuzwa walivyotikisa msimu wa NFL 2023

Wacha nikuulize swali. Ushawahi kuwekwa mwisho wa orodha? Si lazima iwe orodha ya mpira. Inaweza kuwa ya matokeo ya mtihani iliyobandikwa ukutani, ya wanaoitwa intavyuu, ama ile ya nyumbani ambayo haijaandikwa popote lakini kila mtu anajua nani anasifiwa na nani ni "yule mwingine".

Kama jibu ni ndiyo, kaa hapa dakika tano. Nina stori ya wasee ambao nao waliwekwa mwisho.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo iliisha, halafu hamu nayo ikaisha. Tangu hapo usiku wangu mwingi huishia kwa simu, nikitazama mchezo ambao majirani hawauelewi: futiboli ya Marekani. Mechi zao za Jumapili huku kwetu huanza saa mbili ama saa tatu usiku. Fainali yao, Super Bowl, hutukuta saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu, wakati mtaa mzima unakoroma.

Kila mwaka ligi hiyo, NFL, hukaa chini na kuchagua wachezaji wanaotoka vyuoni. Timu huitana moja baada ya nyingine kwa raundi saba. Ukiitwa mapema, unakuwa milionea kabla hujagusa mpira. Ukiitwa mwisho, unapata nafasi ya kwenda kujaribu bahati tu. Mwaka 2023 majina 259 yaliitwa.

Jina la Puka Nacua lilikuwa la 177.

Huyu ni mdakaji, yaani kazi yake ni kukimbia, kugeuka na kudaka pasi. Alitokea chuo cha BYU, na huko majeraha yalimwandama hadi timu nyingi zikaona bora zimwache. Los Angeles Rams walimchukua raundi ya tano. Hakuna aliyepiga kelele, kwa sababu Rams tayari walikuwa na staa wao, Cooper Kupp.

Halafu Kupp akaumia msuli wa paja kabla ya msimu kuanza.

Mechi ya kwanza, ugenini Seattle, Nacua akadaka pasi 10 za yadi 119. Watu wakasema ni bahati. Wiki iliyofuata, dhidi ya San Francisco 49ers, akadaka 15. Hapo hata wale wa "ni bahati" wakanyamaza. Alipomaliza msimu alikuwa na pasi 105 na yadi 1,486, zote mbili zikiwa rekodi wakati huo kwa mchezaji wa mwaka wa kwanza. Rekodi ya yadi ilikuwa imekaa tangu 1960! Kwenye mchujo akaongeza yadi 181 dhidi ya Detroit Lions, ingawa timu yake ilitolewa kwa pointi moja, 24-23.

Sasa twende Cleveland. Novemba, mrushaji mkuu wa Browns anaumia bega na msimu wake unaisha. Timu inampigia simu Joe Flacco, mzee wa miaka 38 aliyekuwa amekaa nyumbani New Jersey na watoto wake, hana timu. Ndiyo, huyu alishawahi kushinda Super Bowl na Baltimore Ravens na kutajwa mchezaji bora wa fainali. Lakini hiyo ilikuwa Februari 2013. Ni kama kumwita mjomba wako arudi kucheza kwa sababu aliwahi kuwa moto enzi zake.

Mjomba akaja. Alipoteza mechi ya kwanza, kisha akashinda nne mfululizo na kuipeleka Browns kwenye mchujo. Katika mechi tano alirusha pasi 13 za tachidauni. Mwisho wa msimu akapewa tuzo ya mchezaji aliyerejea kwa kishindo.

Lakini nisikudanganye. Kwenye mchujo, Houston Texans walimkomesha 45-14, na pasi zake mbili zilinaswa na wapinzani wakakimbia nazo hadi mwisho wa uwanja. Stori tamu haikumaliziwa kwa sukari.

Miami nako kulikuwa na Raheem Mostert. Huyu hakuitwa kabisa mwaka wake, 2015. Timu sita zilimsajili na kumtema, moja baada ya nyingine, na Miami Dolphins walikuwa mojawapo. Tarehe alizofukuzwa alizihifadhi kwa simu, akawa anazisoma kabla ya mechi. Mwaka 2023, akiwa na miaka 31, umri ambao wakimbiaji wengi wa mchezo huo wameshatundika viatu, alifunga tachidauni 21. Alizifungia timu ipi? Dolphins hao hao.

Na sasa yule ninayempenda zaidi. Brock Purdy aliitwa mwaka 2022 akiwa wa 262. Waliokuwa kwenye orodha hiyo ni 262. Yaani yeye ndiye aliyezima taa. Anayeitwa wa mwisho hupewa jina la utani, Mr. Irrelevant, ambalo mtaani tungesema "Bwana Hana Maana".

Timu yake, 49ers, ilikuwa imetoa chaguo zake kadhaa za thamani ili impate mrushaji mwingine, Trey Lance, aliyeitwa wa tatu mwaka 2021. Agosti 2023 Lance aliuzwa Dallas. Purdy, aliyekuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa kiwiko miezi michache tu nyuma, akabaki na usukani. Alirusha yadi 4,280 na tachidauni 31, akaifikisha timu fainali. Mshahara wake haukufika hata dola milioni moja, na alikuwa akigawana nyumba na mchezaji mwenzake.

Fainali ile niliitazama nikiwa nimejifunika blanketi, chaji asilimia 20. Walipigwa na Kansas City Chiefs 25-22 katika muda wa ziada. Kulikuwa kumekucha, makanga wanaita abiria barabarani, na mimi naumia kwa ajili ya mtu ambaye hanijui. Mwaka 2025 alitia saini mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 265. Kwa hivyo usimhurumie sana.

Sasa, najua unachotarajia. Unangoja nikuambie "usikate tamaa, zamu yako yaja". Sitasema hivyo, kwa sababu si kweli kwa kila mtu. Wengi wanaoitwa mwisho hutemwa kimya kimya na majina yao hatuyajui. Hata Daniel Adongo, Mkenya aliyetoka kwa raga akasajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kuwahi kucheza mchezo huo, hakudumu.

Halafu angalia vizuri: Nacua, Flacco na hata Purdy, milango yao ilifunguliwa na msee mwingine kuumia ama kushindwa. Hiyo huwezi kuipanga.

Unachoweza kupanga ni kimoja. Nacua alipoitwa wiki ya kwanza, tayari alijua akimbilie wapi, ageuke wapi, mpira utamkuta wapi. Hayo hujifunzi asubuhi ya mechi. Unajifunza miezi ile ambayo hakuna anayekuangalia, wakati bado wewe ni nambari 177.

Karibu na ninapokaa kuna kinyozi, na nje yake wazee hucheza drafti kwa vifuniko vya soda. Kete ikivuka ubao hadi ng'ambo, inakuwa kingi na inaanza kutembea inavyotaka. Nyingi huliwa njiani, hilo kila mzee pale analijua. Lakini sijaona hata mmoja akiitupa kete kwa sababu imepangwa mstari wa nyuma.

Mamangu bado huniuliza nitarudi chuo lini. Sina jibu. Nikimaliza kuandika hii, nafungua daftari langu, naendelea pale nilipoachia jana.