Wana wa Chuma, Makongolosi

Karasha la kusagia mawe ya dhahabu likiwashwa, cha kwanza kulia ni mkanda. Unapiga mluzi sekunde mbili hivi, injini ya dizeli inakohoa, halafu pipa linaanza kuzunguka na gololi za chuma zinapanda na kudondoka juu ya mawe. Mwanzoni zinapiga ovyo ovyo. Tulia kidogo tu, zinashika mdundo mmoja mzito wa chini, ule unaokuingia kwenye nyayo kabla haujafika masikioni. Sisi tuliozaliwa Makongolosi tumelala na huo mdundo tangu tukiwa mgongoni kwa maza. Karasha likizimika ghafla usiku, watu wanaamka kuuliza kuna nini.

Kwa hiyo siku mshikaji wangu, anayekomaa kwenye karasha la mtaani kwetu, aliponichomekea hedifoni ya kushoto na ya kulia akabaki nayo yeye, nilihisi hiki kitu nakijua. Tulikuwa tumekaa juu ya viroba vya mawe, vumbi jeupe kichwani kama vile tumezeeka. Gitaa lilikuwa linasaga. Halipigwi, linasaga! Goma la Black Sabbath, wana wa Birmingham, Uingereza. Nikamuuliza, "Oya mwanangu, hawa wana karasha ndani ya studio?"

Hakucheka. Akaniambia, "Subiri nikupe stori."

Tony Iommi, mpiga gitaa wa Sabbath, alikuwa dogo wa miaka 17 anapiga kazi kwenye kiwanda cha mabati. Siku yake ya mwisho kazini alirudi home kula msosi wa mchana, akamwambia maza kwamba kule harudi tena. Maza akamkomalia: kazi haiachwi nusu, rudi umalize siku yako. Akarudi. Mtu wa mashine ya kukandamizia bati hakuwa ametokea, wakamweka yeye, na mashine ikamla ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Jamaa ni shoto, hivyo mkono wa kulia ndio anaobania nyuzi. Akaambiwa gitaa basi tena. Mkubwa wake wa kiwandani akampelekea santuri ya Django Reinhardt, mwamba aliyeungua moto, vidole viwili havimtii, na bado gitaa lilikuwa linamlilia. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akajitengenezea vikofia vya vidole, akavivisha ngozi ya koti kuukuu. Nyuzi zikawa bado zinamuuma. Akatafuta nyembamba zaidi, na ilipofika albamu ya tatu, Master of Reality ya 1971, akazilegeza mpaka sauti ikazama shimoni. Maumivu ya vidole ndiyo yaliyoushusha muziki mzima chini, na huko chini ndiko bendi kibao za chuma zinakochimba mpaka leo.

Mshikaji alinisimulia hayo huku ameshika simu kwa mkono wa kushoto, na kidole cha shahada cha mkono ule hakina ncha. Mkanda wa karasha ulimpitia mwaka mmoja kabla. Zamani yeye ndiye aliyekuwa anapiga gitaa la kwaya kanisani. Baada ya ajali alilirudisha gitaa, akaacha hata kuimba, na kwaya ikipita barabarani alikuwa anaingia ndani. Hiyo stori ya Iommi alikutana nayo mtandaoni usiku wa zamu, akairudia mpaka bando likakata. Asubuhi yake akaanza kukata chupa za plastiki.

Wazungu wanauita hevi metali. Sisi maskani tunauita chuma tu, na wala hatukuhangaika kutafuta jina. Bongo msanii akiachia goma kali tunasema kaachia chuma. Hapa kwetu neno limekaa mahali pake.

Kijiwe chetu kiko nyuma ya kibanda cha kuchajisha simu. Wachuma wa ukweli tuko sita, wengine wanapita tu. Nyimbo zinatembea kwa memori kadi: mmoja akienda Mbeya mjini kwenye mtandao wenye nguvu anashusha albamu nzima, akirudi kila mtu anachomeka anavuta. Albamu nzima, nasisitiza, maana hiyo ndiyo sheria yetu moja. Huruhusiwi kumpa mwenzio goma moja likiwa limechomolewa kwa ndugu zake. Master of Puppets ya Metallica, 1986, ina ngoma nane, na ile ya saba, Orion, haina mtu anayeimba hata neno. Ukiirukia hutajua Cliff Burton alikuwa anafanya nini na besi lake. Miezi michache baada ya albamu kutoka, Septemba mwaka huohuo, basi la bendi lilipinduka huko Sweden, akafa akiwa na miaka 24. Mimi nikiisikia Orion nanyamaza hadi iishe. Wana wameshanizoea.

Ubishi mkubwa maskani ni nani mkali kati ya Metallica na Sepultura. Wenzangu wawili ni Sepultura damu, na hoja yao ni nzito. Sepultura wametokea Belo Horizonte, mji mkuu wa jimbo la Minas Gerais, Brazil, na jina la jimbo lenyewe maana yake ni migodi. Watu walikwenda kule kufuata dhahabu kama vile wazee wetu walivyoifuata hapa Lupa miaka ya 1920. Halafu kwenye Roots ya 1996 waliingia porini wakarekodi pamoja na Waxavante, wenyeji wa ile nchi, ngoma zao na sauti zao zikakaa pembeni ya magitaa bila kuombwa zipunguze kelele. Ukiisikia unajua kabisa kwamba chuma hakina haja ya kujifanya Mzungu. Mimi bado naiweka Master of Reality juu ya zote, ila Roots ndiyo ninayompa mtu mgeni.

Dada wa kibanda cha kutuma pesa hataki kusikia huo ubishi. Yeye ni Linkin Park, Hybrid Theory ya 2000, basi. Kuna masela wanambeza kwamba ile ni chuma laini, na mimi nishagombana nao. Kaka yake alifukiwa na kifusi. Msibani watu walimwambia jikaze, usilie hivyo, mshukuru Mungu. Chester Bennington, mwimbaji wa Linkin Park, ndiye mtu pekee aliyepiga kelele kwa niaba yake wakati ule, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, amejifunika blanketi. Chester mwenyewe alijiua Julai 2017. Dada yetu anajua, na kila mwezi huo hapigi kitu kingine. Atakayesema hiyo siyo chuma aje anieleze mimi chuma ni nini.

Sasa nije kwa majirani, kwa sababu hapa ndipo ninapopandwa na mzuka. Ukitoka Makongolosi unapita Chunya, unapanda ule mlima mpaka baridi ya Mbeya inakupiga kofi, halafu ukifuata reli ya TAZARA kuelekea Tunduma unavuka Zambia hadi Kapiri Mposhi. Ukipanda kaskazini kidogo tu kutoka hapo umeingia kwenye migodi ya shaba. Miaka ya 70 vijana wa kule walikuwa wanapiga magitaa yenye mngurumo mchafu, na leo dunia inauita muziki ule Zamrock. WITCH walitoa Lazy Bones!! mwaka 1975. Ngozi Family ya Paul Ngozi wakatoa Day of Judgement 1976, na gitaa la mle ndani lina makwaruzo kama moko kwenye mwamba. Shaba ikashuka bei, nchi ikabanwa, Ukimwi ukaja ukamaliza wanamuziki wengi. Emmanuel Jagari Chanda, mwimbaji wa WITCH, akaingia kuchimba vito. Miaka mingi mwamba yuko shimoni na sururu, huku santuri zake zinatafutwa Ulaya kwa pesa ndefu. Baadaye alirudi jukwaani, na mwaka 2023 bendi ikaachia Zango. Mchimbaji! Mzee mwenye vumbi lilelile tulilonalo sisi kwenye nywele.

Nilipowasimulia maskani, mshikaji wa kidole alisimama akazunguka kibanda mara mbili ndipo akakaa tena.

Birmingham kuna viwanda vya chuma. Minas Gerais dhahabu, Zambia shaba. Watu wakiniambia kwamba nimeiga utamaduni wa mbali, huwa nawaonyesha karasha. Huu muziki umetungwa na watoto waliokulia pembeni ya mashine zinazokula vidole, wazazi wao wakirudi nyumbani wameziba masikio kwa uchovu. Sisi tusipouelewa, auelewe nani?

Na wala hatuko wenyewe Afrika Mashariki. Nairobi walikuwa na bendi nyingi tu, Last Year's Tragedy, Parking Lot Grass, Seeds of Datura. Halafu likaja lile balaa la Duma, mwaka 2020. Msikilizaji wa Kiswahili anawaza mnyama, kumbe jina wamelitoa kwenye Kikuyu, giza. Watu wawili tu, Martin Khanja na Sam Karugu, na albamu yao ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ni lebo ileile iliyotoa Sounds of Sisso mwaka 2017, singeli tupu ya Dar es Salaam. Mimi sikushangaa. Mtoto wa Bongo aliyekulia kwenye vigodoro vya singeli hawezi kuogopa dramu za Duma, mwendo kasi ule tumeuzoea. Khanja siku hizi ni Lord Spikeheart, na The Adept ya 2024 ameitoa kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, mama aliyefika cheo cha field marshal katika Mau Mau. Nairobi anapiga mayowe na unasikia msitu.

Hata Unguja tuna chetu. Freddie Mercury alizaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946, na watalii wanapiga picha za nyumba, ila wachache wanajua kwamba mtoto yule wa Zanzibar aliimba Stone Cold Crazy, goma la Queen la 1974 linalokimbia kama limefukuzwa na nyuki. Metallica walilirudia, wakabeba nalo Grammy ya metali mwaka 1991.

Maza hakuupenda huu mchongo. Nilinunua fulana ya Iron Maiden kwenye mitumba ya Mwanjelwa, ile yenye Eddie, fuvu limeshika bendera, na muuzaji hakujua ni kitu gani, alikuwa anaita buku mbili buku mbili kama nguo nyingine. Nilipofika nayo home maza aliitazama muda mrefu. Hakufoka. Asubuhi sikuiona kwenye kamba. Nilikaa naye jikoni nikamwambia ukweli wote: kwamba mama, wale Black Sabbath wenye jina la kutisha walikuwa wanavaa misalaba shingoni, na misalaba hiyo aliitengeneza baba yake mwimbaji wao Ozzy Osbourne, fundi wa zana kiwandani, kwa mikono yake, akawagawia vijana wote wanne. Maza aliendelea kupepeta mchele. Baadaye akasema, "Basi huyo baba alikuwa anawaombea." Jumamosi nikaikuta fulana imefuliwa na kupigwa pasi.

Ozzy alifariki tarehe 22 Julai 2025, siku 17 tu baada ya kuwaaga watu pale Villa Park, nyumbani kwao Birmingham, ameketi kwenye kiti cha enzi kwa sababu miguu ilishakataa. Usiku ule tulikutana karashani wote sita. Mshikaji alikuja na gitaa. Chupa ya plastiki ilishamshinda, ilikuwa inamkata, hivyo sasa anavaa kipande cha tyubu ya baiskeli kilichofungwa juu ya plasta, na nyuzi amezilegeza kama mwalimu wake. Alisimama karibu na pipa, akasubiri mpaka gololi ziliposhika mdundo, ndipo akaingia. Noti tatu, nzito, anazirudia. Spika ilikuwa sabufa ya kibandani na ilikuwa inakoroma, lakini ilikuwa sawa tu.

Saa saba hivi dizeli ikaisha. Pipa likapunguza mwendo, gololi zikadondoka moja moja, kimya. Mwana hakuacha. Alipiga zile noti tatu peke yake, na mlango wa kwetu ukafunguka, maza akatoka na khanga begani.

"Dizeli imeisha?" akauliza.

"Imeisha, mama."

Akageuza ndoo tupu, akakaa.