Lebo ya mawese inawaka kwenye skrini, ikiprintiwa inapauka. Kwa nini?

Wadau wa Kasingirima na Ujiji mnaouza mawese na dagaa mtandaoni, hili linawahusu. Wengi tunachora lebo kwenye PowerPoint, maana ndiyo iliyopo kwenye kompyuta. Chungwa linawaka kweli kweli. Fundi akilihamishia kwenye Illustrator, linageuka rangi ya udongo, ugomvi unaanza.

Fundi hajaharibu kitu. PowerPoint inatengeneza rangi kwa mwanga: nyekundu, kijani, bluu (RGB). Mashine inatumia wino: samawati, majenta, njano, nyeusi (CMYK). Lile chungwa kali la mawese wino haulifikii. Ukibandika mchoro kwenye faili la CMYK, rangi inabadilishwa palepale, na hata ukirudisha RGB mng'ao haurudi.

Kwa hiyo usikopi na kupaste. Hifadhi kama PDF, itume WhatsApp kama faili, siyo picha, fundi aifungue moja kwa moja kwenye Illustrator. Andika na namba tatu za kila rangi. PowerPoint inazionyesha ukichagua rangi mwenyewe. Vivuli na rangi zinazofifia toa kabisa, zikihama hukatika vipande vipande.

Picha ya status au Instagram ibaki RGB. Lebo ya chupa iwe CMYK, chungwa lichaguliwe upya mkiwa wote, na mprinti moja kwanza. Ishike juani, ipime na chupa yenyewe, ndipo umwambie atoe mia.