Kabla ya Kupiga Kambi Ol Donyo Sabuk: Funga Mizigo Hivi

Msimu wa likizo unapofika, vikundi vya vijana kutoka makanisani, shuleni na mitaani hupenda kwenda kupiga kambi wikendi. Hapa Machakos, wengi huchagua Ol Donyo Sabuk, mlima wa mita 2,145 ambao umekuwa mbuga ya taifa tangu 1967. Safari hiyo huharibika au kufana kulingana na kilichomo kwenye mkoba.

Acha plastiki nyumbani. Tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika mbuga za taifa. Hizo ni pamoja na chupa za maji, mirija, sahani, vikombe na vijiko vya kutupa. Kila kijana abebe sahani na kikombe cha bati pamoja na chupa ya maji inayojazwa tena. Msiposhika hili, mtazuiliwa langoni.

Maji. Kadirieni lita 3 kwa kila mtu kwa siku, za kunywa na kupikia. Kikundi cha vijana 20 kitakachokaa siku mbili kinahitaji lita 120, yaani mitungi sita ya lita 20. Ya kuosha vyombo yahesabiwe kando.

Baridi. Mchana wa jua usikudanganye. Kadiri unavyopanda ndivyo baridi inavyoongezeka, na usiku wa Juni hadi Agosti huwa mkali. Beba sweta nzito, soksi, kofia, koti la mvua, blanketi na kitu cha kutandika chini. Anayelala juu ya ardhi tupu hupoteza joto hata akijifunika blanketi mbili.

Chakula na moto. Muthokoi na githeri ni vitamu, lakini huchukua saa nyingi jikoni. Maharagwe na mahindi yachemsheni nyumbani, au mbebe mchele, unga, mayai na mboga. Chukueni jiko la gesi. Msikate wala kuokota kuni mbugani. Taka zote zirudi nanyi.

Usalama. Jina Kilimambogo halikutoka hewani: mbogo, yaani nyati, wapo msituni. Msipande mlima bila askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), na giza likiingia, msizurure nje ya kambi. Kila hema liwe na tochi na betri za akiba.

Dawa na karatasi. Kiongozi awe na sanduku la huduma ya kwanza, orodha ya majina na nambari za simu za wazazi. Aliye chini ya miaka 18 aje na barua ya ruhusa ya mzazi. Mzazi, andika wazi ikiwa mwanao ana pumu, kifafa au mzio, kisha umkabidhi kiongozi maelezo ya dawa zake. Kwa kijana mwenye pumu, dawa iliyosahauliwa mezani inaweza kumgharimu maisha. Beba pia kitambulisho cha taifa au cha mwanafunzi. Ada za mbuga hulipwa kwa njia ya kidijitali, si kwa pesa taslimu.

Mwisho, mwachieni mtu nyumbani nakala ya orodha hiyo, mahali mtakapolala na saa mnayotarajia kurudi. Wakati wa dharura, piga 999 au 112, au Shirika la Msalaba Mwekundu kwa nambari 1199.