Chombo cha Kusafisha Moshi wa Motokari: Ugonjwa Wake na Dawa Yake

Wandugu, moshi wa motokari una sumu. Iliyo mbaya kupita nyingine inaitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Mtu akiivuta, inashikamana na damu kwa nguvu kupita hewa njema, zaidi ya mara 200, na damu haiwezi tena kuleta hewa mwilini. Kwanza kichwa kinauma. Kisha mtu anapata kizunguzungu, anatapika, analegea, anasinzia. Wengine hawaamki tena.

Kwa sababu ya moshi huu mbaya, motokari nyingi za Marekani tangu 1975, na motokari mpya za esansi za Ulaya tangu 1993, zimewekwa chombo cha kusafisha moshi. Mafundi wanakiita katalizeri.

Chombo hiki ni nini?

Ni sanduku la chuma katika bomba la moshi, karibu na moteri au chini ya motokari. Ndani, mara nyingi, kuna udongo uliochomwa, wenye matundu madogo kama sega la nyuki. Umepakwa madini ya bei kubwa: platini, paladi na rodi. Moshi ukipita humo, monoksidi ya kaboni inageuzwa kuwa hewa ile tunayoitoa sisi wenyewe tunapopumua.

Lakini chombo hakifanyi kazi vema mpaka kipate moto wa digrii 300 hivi. Basi moteri inapowashwa ingali baridi, moshi wake ni sumu, hata kama chombo ni kizima.

Alama za ugonjwa wake

1. Motokari haina nguvu, zaidi sana mlimani.
2. Moshi unanuka kama yai bovu.
3. Chini ya motokari kuna joto kali kupita desturi.
4. Vipande vinagongana ndani ya sanduku.
5. Taa ya manjano ya moteri inawaka mbele ya shofere. Fundi mwenye chombo cha kusoma alama anaona P0420.

Fahamuni vizuri: P0420 haisemi, “Nunua chombo kipya.” Inasema tu kwamba moshi unaonekana haukusafishwa vema. Homa ni alama, na mganga anatafuta kinacholeta homa. Fanyeni vivyo hivyo.

Namna ya kupima nyumbani

Simamisheni motokari nje, mahali palipo sawa. Ngojeni saa nyingi mpaka bomba lipoe kabisa. Mtu asiingie chini ya motokari inayoshikwa na jeki peke yake. Lazima kuwe na vigingi vya chuma vilivyo imara.

Kwanza, piga sanduku polepole kwa ngumi. Likilia kama kopo lenye mawe, udongo wa ndani umevunjika.

Pili, tafuta masizi meusi kwenye viungo vya bomba. Hapo moshi unavuja. Mwenzako akiwasha moteri ingali baridi, simama kando usikilize sauti ya “pf, pf.” Bomba likivuja mbele ya chombo, hewa ya nje inaingia na kudanganya kipimo cha moshi. Hapo chombo kizima kinahukumiwa bure.

Tatu, moteri ikiongezwa nguvu, sikia pumzi ya bomba kwa mkono kutoka mbali kidogo, bila kuvuta moshi. Ikiwa dhaifu sana, labda chombo kimeziba.

Ugonjwa unatoka wapi?

Mara nyingi chombo hakifi chenyewe, kinauawa. Buji ikiwa mbaya, esansi isiyoungua inakwenda kuungua ndani ya chombo, na udongo unayeyuka. Taa ya moteri ikiwaka na kuzimika mara kwa mara, simama upesi, maana hatari ni hiyo. Tena, moteri inayokula mafuta yake inafunika madini. Maji ya radiateri yakivuja ndani ya moteri yanaleta hasara hiyo hiyo.

Dawa yake

Ponya chanzo kwanza: badili buji mbaya, ziba mavujo, kaza viungo, pima kipimo cha moshi. Ndipo futa alama, uendeshe siku chache, uone kama inarudi. Chombo kilichoyeyuka au kuvunjika hakiponi kwa kuoshwa, lazima kibadilishwe. Ukiweka kipya bila kuponya chanzo, nacho kitakufa, na fedha zako zimepotea.

Wengine wanatoboa chombo au kukiondoa ili moshi upite upesi. Wasifanye hivyo. Sumu iliyokuwa ikigeuzwa itawaendea watoto kando ya njia.

Msisahau

Msiwashe moteri ndani ya nyumba iliyofungwa, wala msilale katika motokari inayonguruma. Msiisimamishe juu ya majani makavu. Chombo chenye moto kinaweza kuyawasha.

Watu wawili au watatu wakiumwa kichwa pamoja karibu na moteri, msiseme ni malaria tu. Zimeni moteri mkiweza kufika bila kukawia ndani ya moshi. Watoeni nje kwenye hewa safi, mkawapeleke hospitali mara moja wapewe oksijeni. Hata aliyeamka na kusema, “Nimepona,” aende naye.