Kutoka Joto Hadi Tarakimu

Mtoto akituuliza mashine hujuaje kwamba imepata joto, wengi wetu hujibu kuwa ina kipimajoto ndani. Jibu hilo halitoshi, na kwa maoni yetu hudhuru, kwani mtoto hubaki akitafuta zebaki isiyokuwamo. Na tuitazame Xbox 360, mashine ya michezo ya video iliyotolewa na kampuni ya Microsoft mwaka 2005.

Ndani ya vijenzi vyake vikuu kuna diodi. Diodi ikipitishiwa mkondo wa umeme usiobadilika, volti yake hupungua kwa takriban milivolti 2 kila joto lipandapo digrii moja ya Sentigredi. Kinachopimwa basi ni umeme. Volti hiyo hugeuzwa kuwa namba na kusahihishwa kwa viwango vilivyowekwa kwa ajili ya mashine hiyo hiyo. Programu haigusi diodi kamwe: hupeleka ombi kwa kompyuta ndogo isimamiayo feni na umeme, nayo huijibu kwa vipimo vinne, yaani vya prosesa kuu, prosesa ya picha, kumbukumbu ya picha na ubao.

Kila kipimo huja kwa baiti mbili, na baiti ni namba kuanzia 0 hadi 255. Moja huonyesha digrii kamili, nyingine sehemu ya digrii iliyogawanywa kwa 256. Tukipewa 60 na 128, jibu ni digrii 60.5, kwa kuwa 128 ni nusu ya 256. Mwanachuo asiye mwangalifu huandika 60.128. Kosa lake ni lile lile la mtoto asemaye kwamba saa 2 na dakika 30 ni saa 2.3!

Hata tarakimu iliyo sahihi haisemi yote. Julai 2007 Microsoft ilirefusha dhamana ya mashine hizo hadi miaka mitatu, kwa gharama iliyozidi dola bilioni 1, kwa sababu nyingi zilikuwa zikifa na kuwasha taa tatu nyekundu. Mwaka 2021 kampuni ilieleza kwamba viungio ndani ya vijenzi vilikatika kwa kupashwa joto na kupoa, kila mashine ilipowashwa na kuzimwa. Kipimo cha dakika moja hakiwezi kuonyesha uchovu wa namna hiyo.

Darasani tuanze na saa na dakika ubaoni. Baiti zifuate kipindi cha pili. Diodi tuwaachie madarasa ya juu.